Kitunguu Hai na Hasara ya Lumbesa

Katika kilimo hai cha vitunguu maji, gharama kubwa ni palizi. Majani ya kitunguu ni membamba na yamesimama, hayafuniki ardhi, kwa hiyo magugu hupata jua msimu mzima. Mizizi nayo iko juujuu, hivyo jembe likizama kidogo tu limeikata. Bila dawa ya magugu, kazi yote ni ya mkono, na vibarua hulipwa kabla gunia la kwanza halijauzwa. Samadi, mwarobaini na pareto dhidi ya vithiripi, pamoja na mzunguko wa mazao, wakulima wengi wa kilimo hai huvimudu vizuri.

Kosa hufanyika siku ya kung'oa. Mkulima aliyebeba gharama hiyo yote humuuzia dalali palepale shambani, vitunguu vibichi, kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Gunia la kilo 130 likilipwa kama la kilo 100, kilo 30 zimeondoka bure: karibu robo ya mavuno, na palizi yake. Sheria ya Vipimo inakataza ufungashaji huu, lakini lumbesa bado inashonwa mchana kweupe.

Hasara ya pili haionekani kwa macho. Kitunguu kilichokuzwa kwa samadi iliyooza vizuri, bila kuongezewa urea mwishoni mwa msimu, hufunga shingo vyema na hukaa ghalani miezi kadhaa. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, nayo hutupwa kwa kuuza wiki ya mavuno, wakati soko limefurika. Kukikausha ili kikae hakuhitaji mtambo. Umwagiliaji husimamishwa wiki mbili hivi kabla ya kung'oa, kisha vitunguu hutandazwa kivulini kwenye kichanja chenye hewa mpaka shingo, ikibonyezwa kwa vidole, isiteleze tena. Shingo hukatwa baada ya hapo, ikiachwa sentimita mbili au tatu.

Wakara wa kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, walifuga ng'ombe ndani ya nyumba ili samadi isipotee, wakapanda marejea ili kurutubisha ardhi. Watu walioipa thamani hata takataka ya zizi wasingegawa robo ya mavuno kwa dalali.

Alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007, haimsaidii anayeuza hivi. Ndani ya lumbesa, kitunguu chake huchanganywa na cha jirani aliyepiga dawa, na mnunuzi wa mjini hana njia ya kukijua. Deni la vibarua ndilo humharakisha mkulima, na deni hilo ni la kweli. Lakini linaweza kulipwa kwa kuuza sehemu ya mavuno, iliyopimwa, na mengine yakabaki kichanjani. Vikundi vya wakulima hai ambavyo tayari vinakaguana mashamba vinunue mizani kwanza, kabla ya pampu mpya.