Kalamu ya Askari

Polisi wanaogeuka waandishi wa riwaya za uhalifu husifiwa kwa sababu isiyo sahihi. Wasomaji wengi hudhani kwamba askari mstaafu ana hazina ya visa: maiti alizozikuta, majambazi aliowakimbiza, siri zilizomfikia katika chumba cha mahojiano. Lakini visa havijawahi kuadimika. Yeyote atakayekaa wiki moja kwenye mabenchi ya nyuma ya mahakama ya mwanzo atatoka na visa vya kujaza vitabu kumi. Anachokuja nacho askari, ambacho waandishi wengine hukipata kwa taabu, ni mazoea ya kusikiliza habari za watu ili aziandike na zisimame mbele ya hakimu; na pamoja na hayo, anajua kazi hiyo inavyomla mwenye kuifanya.

Tazama anayopitia askari wa kaunta. Mtu anaingia anahema, ameibiwa au amepigwa. Anaanzia mwisho wa mkasa, anarukia katikati, anaapa kwamba mwizi alimwona uso kwa uso. Kazi ya askari ni kumrudisha mwanzo. Ulisimama wapi? Taa ilikuwa upande gani? Jina lake umelijuaje? Hilo uliliona mwenyewe au uliambiwa? Kisha anaandika maelezo, anamsomea mwenyewe, naye anatia sahihi au dole gumba. Wanaofundisha uandishi hutumia muda mwingi kumweleza mwanafunzi kwamba kila tukio lazima lionwe na mtu fulani, akiwa mahali fulani, na kwamba kuna mengi ambayo mtu huyo hakuweza kuyaona. Askari somo hilo hulipata kwa wakili wa utetezi, siku jalada lake linapochambuliwa hadharani kwa kuwa shahidi alidai kutambua rangi ya shati usiku usio na mwezi. Hujifunza pia kwamba uongo una mizizi mingi kuliko hatia. Mtu hudanganya kwa aibu, kwa kumhofu shemeji, au kwa tamaa tu ya kuhesabiwa miongoni mwa walioshuhudia. Katika riwaya dhaifu kila mwongo ama ndiye muuaji, ama amewekwa pale kutupoteza njia. Kituoni, waongo wengi hawakuua mtu.

Ushahidi mzito wa hoja hii ni Joseph Wambaugh. Alijiunga na polisi wa Los Angeles mwaka 1960, akatoa The New Centurions mwaka 1971 akiwa bado kazini, na mwaka 1974 akaacha kazi akiwa sajenti wa upelelezi, kwa sababu umaarufu na upelelezi haviketi pamoja. Wengi kabla yake walisimulia jinsi polisi anavyoitatua kesi. Yeye aligeuza jicho, akasimulia kesi inavyomfanya polisi. Kitabu chake cha 1973, The Onion Field, si riwaya bali ni kisa cha kweli kilichosukwa kwa ufundi wa riwaya. Mwaka 1963 askari wawili, Ian Campbell na Karl Hettinger, walitekwa na wahalifu wawili, wakapelekwa hadi shamba la vitunguu karibu na Bakersfield. Campbell aliuawa, Hettinger akaponea gizani kwa kukimbia. Mwandishi asiyeijua kazi angemalizia kwenye hukumu. Wambaugh aliona kwamba hapo ndipo habari inapoanza. Hettinger alirudi kwa wenzake waliomtazama kama mtu aliyesalimisha bastola yake, akatakiwa kueleza mkasa ule mbele ya askari wengine kama somo, akaburutwa miaka katika kesi na rufaa, na akapoteza kazi kwa tuhuma za wizi wa dukani. Kuona kwamba jeraha la huyu aliyesalimika ndilo kiini cha kitabu kunahitaji mtu aliyesimama gwaride na askari kama yeye.

Watakuwepo wa kupinga, na wana haki. Agatha Christie hakuwa polisi, wala Georges Simenon, wala Muhammed Said Abdulla aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Ni kweli, na kwa upande wa kusuka fumbo, Christie hahitaji msaada wa sajenti yeyote. Hata hivyo hakuna kati yao aliyeandika mikono mitupu. Christie alifanya kazi katika duka la dawa la hospitali wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana sumu zake zinaaminika. Simenon alikuwa bado kijana alipozunguka vituo vya polisi vya Liège akitafuta habari za gazeti. Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri. Wote walishika kazi iliyowaruhusu kuuliza maswali. Pingamizi hili, nikilitazama vizuri, linaipanua hoja yangu, haliivunji.

Lililo zito zaidi ni la upendeleo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anakijua kituo akiwa upande wa pili wa kaunta: ameombwa hela ya mafuta ili mtuhumiwa akafuatwe, amesikia tarehe baada ya tarehe kwamba upelelezi haujakamilika. Atamwamini vipi askari msimulizi? Asimwamini kwa sare yake, amwamini kwa anachokubali kukifichua. Wambaugh hakuwapamba wenzake; The Choirboys ya 1975 imejaa askari walevi, wakatili na waliokata tamaa. Sentensi ile ya upelelezi usiokamilika, anayejua inavyozaliwa ni aliyewahi kuitamka: shahidi amehama, gari halina mafuta, au mkubwa amepiga simu. Anayetuandikia hilo kwa uaminifu anatufaa kuliko anayelaani kwa mbali. Kuhusu siri za wenye kesi, sioni mjadala. Aliyeuawa ana mama anayejua kusoma. Askari achukue mazoea ya kazi, jalada alirudishe kabatini. A. C. Baantjer, mpelelezi wa Amsterdam, alimweka mhusika wake De Cock katika kituo kile kile cha Warmoesstraat alichofanyia kazi, na bado akawa mtunzi, si mtoboa siri.

Kwa hiyo, makoplo na mainspekta mliostaafu, msituletee kwanza mauaji makubwa wala kukimbizana kwa magari; hayo mashujaa wa riwaya zetu, Joram Kiango na Willy Gamba, wameshatushibisha. Tuandikieni zamu moja ya usiku, na nani aliingia, na alidanganya nini. Lugha ya taarifa, ile ya mtuhumiwa tajwa na tarehe tajwa, iacheni kituoni. Wa kunyoosha sarufi atapatikana.