Kichaka Kinachotangulia Mvua

Mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua za Novemba hazijarudi Kyela, kuna kichaka kinachotangulia vingine vyote. Majaruba yamebaki mabua, majani ya migomba yamechanwachanwa na upepo wa ziwa, na pembeni mwa ua, kwenye vitawi ambavyo karibu havina jani, maua ya njano yamefumuka. Mgeni wa nyumba huuliza: huu mti gani? Swali hilo lilikuwa na wenyewe, watu walioweza kutaja jina, kazi ya mizizi na mahali ulipo mwingine kama huo kwenye miteremko ya Milima ya Livingstone. Sasa jibu la kawaida ni kwamba ni ua tu. Nashikilia kwamba kuutambua mmea ni ufundi kamili, sawa na kuchonga mtumbwi au kufinyanga vile vyungu vya Ikombe vinavyouzwa Matema, na nguzo ya ufundi huo ni subira. Kichaka kinachochanua mapema kimetoa sehemu ndogo tu ya ushahidi wake, na anayekipa jina siku hiyohiyo anakisia.

Ushahidi wenyewe ni huu. Njano ya kiangazi juu ya matawi makavu humfanya mjuzi aufikirie kwanza mbaraka, ambao wataalamu huuita Senna singueana. Hata hivyo mbaraka una ndugu wengi, nao wote huvaa njano. Senna didymobotrya husimamisha maua yake kama mshumaa wenye vitumba vyeusi juu, na jani lake likisuguliwa hunuka kama karanga za kukaanga. Mjohoro ni mti mrefu. Senna spectabilis, mgeni kutoka Amerika, hukua haraka na vijani vyake huchongoka nchani. Mbaraka hujulikana kwa alama ndogo mno: kati ya kila jozi ya vijani, juu ya uti wa jani, kuna kijitezi kimoja kilichosimama. Sasa tazama ugumu ulipo. Wakati wa maua, majani hayo hayapo. Itabidi mtu arudi mvua zikishanyesha, ageuze jani na kulipapasa kwa kidole, kisha arudi tena kuona kama ganda la mbegu limebanwa kati ya punje na punje. Hakuna ua, hata liwe zuri namna gani, linaloweza kumfupishia safari hizo.

Kuna dalili moja tu ambayo maua hutoa mapema, nayo si ya macho. Stameni za jamii hii hazipasuki zikamwaga chavua kama za maua mengine; zina vitundu nchani, na chavua hubaki ndani kama chumvi ndani ya kichupa chake. Nyuki wa asali hajui kuitoa. Wanaojua ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa. Hulikumbatia ua, hutetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, na chavua huwanyunyizia tumboni. Mvumo wao hupanda ghafla, mkali kuliko ule wa kuruka, kisha hukatika. Aliyezoea anaweza kufumba macho asubuhi na kusema hapa pana jamii ya mbaraka, wala si ile kengele ya njano ya mapambo yenye asali, ambayo mdudu huingia na kutoka bila mtetemo huo. Sikio haliwezi kumwambia ni ndugu yupi, ila linampa mlango wa kuanzia, na nadhani hakuna sehemu ya ufundi huu iliyo nzuri kuliko hiyo.

Mtu atapinga: simu inapiga picha na kutaja jina papo hapo, subira ya nini? Simu inasaidia, sikatai. Lakini picha ya leo haina jani la Januari wala ganda, na programu iliyofunzwa zaidi kwa picha za bustani za mbali huelekea kuliona ua inalolijua. Kosa hapa si la kitabu tu. Thevetia nayo ina maua ya njano, hupandwa uani kwa urembo, na mbegu zake zina sumu inayovuruga moyo. Anayechimba dawa kwa rangi ya ua anacheza na uhai wa mtu. Nayo Senna spectabilis imeivamia misitu ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Anayeichukulia kuwa mbaraka wetu wa zamani, akaiotesha uani, anamfungulia mlango mvamizi.

Wengine watasema majina ya kitaalamu ni ya wageni na hubadilika; ni kweli, mbaraka ulikuwa Cassia kabla haujawa Senna. Lakini majina hayo yalitunzwa. Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoraviani aliyekaa Kyimbila karibu na Tukuyu, alikusanya mimea ya upande huu wa Ziwa Nyasa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na jenasi ya okidi, Stolzia, ikaitwa kwa jina lake. Hazina ya mimea mikavu ya Berlin iliungua mwaka 1943, lakini nakala za mikusanyo ya Stolz zilikuwa zimesambazwa kwingine. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilitolewa kwa sehemu tangu 1952 hadi 2012. Ujuzi wa Wanyakyusa, wenyeji wa hapa, haukuwa na nakala. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti hapa miaka ya 1930, aliandika kwamba katika ubusoka, sherehe ya kizazi kukabidhi madaraka, miti ilipandwa. Watu wa namna hiyo hawangeweza kuwa wageni wa vichaka vyao. Walichokijua kilikaa vichwani mwao, na kila msiba huondoka na sehemu yake. Ikifika Januari, majani yamerudi, maua yamekwisha, na kichaka kile kimefanana na majani mengine yote yanayofyekwa kuipisha mikakao. Alama iliyobaki ni vile vijitezi, na anayeshika panga hakuwahi kuonyeshwa pa kutazama.