Mshono Unaoonekana: Ufundi wa Shakespeare in Love na Mgawanyiko wa Watazamaji Wake

Filamu ya Shakespeare in Love, iliyoongozwa na John Madden na kutolewa Desemba 1998, iliingia katika usiku wa tuzo za Oscar wa tarehe 21 Machi 1999 ikiwania tuzo 13, ikatoka na 7, ikiwemo ya filamu bora ya mwaka. Tangu usiku huo watazamaji wake hawajapatana: wako wanaoiona kuwa kichekesho cha mapenzi kilichoshonwa kwa ustadi usio na mfano, na wako wanaoiona kuwa kitu chepesi kilichokalia kiti cha kazi nzito zaidi. Ugomvi huo kwa kawaida huelezwa kana kwamba chanzo chake ni tuzo, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu ukiwekwa kando ushindi wa Oscar bado watazamaji wale wale hutofautiana juu ya mambo yale yale, yaani historia iliyopindishwa, vichekesho visivyo vya zama zake, na mwisho usio wa harusi. Mambo hayo matatu ni matokeo ya uamuzi wa kiufundi uliofanywa katika mswada na katika uhariri wa picha, na ni huko mgawanyiko unakopaswa kutafutwa.

Hadithi imewekwa London mwaka 1593. William Shakespeare, kijana ambaye jina lake bado halijavuma, anadaiwa tamthilia na Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose, ambaye naye anabanwa na mkopeshaji fedha asiye na huruma; tamthilia iliyoahidiwa ni kichekesho cha Romeo na binti wa haramia, na hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Viola de Lesseps, binti wa mfanyabiashara tajiri, anavaa nguo za kiume na masharubu ya bandia ili aigize, kwa kuwa katika kumbi za umma za zama hizo nafasi za wanawake zilichezwa na wavulana. Mapenzi yanazuka kati ya mwandishi na mwigizaji wake ilhali Viola amekwisha kuposwa na Lord Wessex, bwana wa ukoo mkubwa aliyefilisika na anayeitamani mali ya bibi harusi, mali ambayo kwa desturi ya Uingereza ya wakati huo, kinyume cha mahari ya Afrika Mashariki, ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume. Mapenzi hayo ndiyo yanayokigeuza kile kichekesho cha haramia, kidogo kidogo, kuwa tanzia ya Romeo na Juliet.

Mswada wa awali ulikuwa wa Marc Norman, na Tom Stoppard akaletwa baadaye kuuandika upya. Jambo hilo lina uzito kwa mchambuzi, kwa kuwa Stoppard ndiye aliyekwisha kuandika tamthilia ya Rosencrantz and Guildenstern Are Dead, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966, ambayo inachukua wahusika wawili wadogo wa Hamlet na kuwapa hadithi yao wenyewe. Mbinu hiyo wahakiki wa fasihi huiita mwingilianomatini, maana yake kazi moja kujengwa juu ya kazi nyingine kiasi kwamba msomaji anaziona zote mbili kwa pamoja. Katika filamu hii mbinu hiyo imetandazwa hadi kwenye mizaha midogo kabisa. Mvulana mmoja wa mtaani, anayependa damu na anayewalisha paka panya, anajitambulisha kwa jina la John Webster, na mtazamaji anayejua kwamba Webster alikuja kuandika tanzia zilizojaa mauaji anacheka. Asiyejua anaona tu mtoto mkorofi, ambaye baadaye atachungulia na kuitoa siri ya Viola. Hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo: mzaha umejengwa kama nyumba ya ghorofa, na aliyebaki chini hanyimwi hadithi, kwa sababu mvulana yule ana kazi ya kufanya katika msuko hata kama jina lake halimwambii mtu chochote.

Hata hivyo, si kila mtu hufurahia kukaa ghorofa ya chini. Miongoni mwa malalamiko makubwa ya watazamaji ni kwamba filamu inawakonyeza waliosoma na kuwaacha wengine wakijiuliza ukumbi unacheka nini. Lalamiko hilo halipaswi kupuuzwa, na kwa msomaji wa Kiswahili lina sura yake ya pekee. Wengi wa wasomaji hao walikutana na Shakespeare kupitia tafsiri za Julius Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, au kupitia Makbeth na Tufani za Samuel Mushi, ambako ni mwandishi wa maneno mazito na siasa za watawala, si kijana mwenye wino vidoleni anayewakimbia wadai. Kwa mtazamaji wa namna hiyo filamu inaanza kwa kumvua mzee kilemba, na tendo hilo linaweza kumpendeza au kumuudhi kabla mapenzi hayajaanza.

Waandishi walilijua hilo, na ndiyo maana dakika za mwanzo zimejazwa vitu vilivyong'olewa katika zama zao na kupandikizwa katika zama nyingine. Chumbani mwa Shakespeare kuna kikombe cha ukumbusho kutoka Stratford, cha aina inayouzwa kwa watalii wa leo. Yeye mwenyewe anakwenda kulala kwenye kochi la mganga anayemsikiliza kwa muda wa kulipia, unaopimwa kwa chupa ya mchanga, kama wanavyofanya waganga wa nafsi wa karne ya 20. Na mpiga makasia wa mto Thames anaongea kama dereva wa teksi anayewataja mashuhuri aliowahi kuwabeba. Vitu hivyo vimewekwa mlangoni kwa kusudi, ili mtazamaji ajue mapema kwamba historia itachezewa, na mwenye kuukubali mchezo aingie. Kasoro ni kwamba onyo hilo halidumu. Wessex anazungumzia mashamba yake ya tumbaku Virginia, ilhali mwaka 1593 hapakuwa na makazi ya Waingereza yaliyosimama huko, kwa kuwa Jamestown ilianzishwa mwaka 1607. Na Malkia Elizabeth wa Kwanza anaonekana ndani ya ukumbi wa umma, ilhali waigizaji ndio waliokwenda kumchezea kwenye kasri yake. Mambo haya hayakupewa sura ya mzaha. Yamesemwa kwa uso mkavu, na mpenda historia ambaye alikwisha kukisamehe kikombe anashindwa kujua kama hapa pia anapaswa kusamehe, ndipo anapoanza kuhesabu makosa.

Sehemu iliyo tajiri kuliko zote kiufundi ni mfululizo wa picha za katikati ya filamu, ambamo usiku wa chumbani mwa Viola na mchana wa mazoezi ukumbini Rose vimesukwa pamoja kwa njia ya uhariri sambamba, yaani kukata picha kutoka tukio moja kwenda jingine na kurudi, huku mazungumzo yakiendelea bila kukatika. Maneno yanayoanzia kitandani yanamalizikia jukwaani, na yanayoanzia jukwaani yanapokelewa kitandani, hivi kwamba baada ya dakika chache haiwezekani tena kusema ni kipi kilichotangulia, pendo au karatasi. David Gamble, aliyehariri filamu, hakutegemea hila za kuonekana, kama vile picha kufifia au kuyeyuka. Kinachobeba mpito ni sauti. Kila anapoachwa mpenzi katikati ya mstari, mtazamaji anangoja mstari umalizike, na kwa kuwa unamalizikia mahali pengine, anavushwa bila kuhisi kwamba amevuka.

Mashairi yenyewe yalisaidia kazi hiyo. Ushairi wa tamthilia za Kiingereza za zama hizo kwa sehemu kubwa hauna vina, lakini una mizani, na mizani yake haihesabu silabi tu kama katika shairi la Kiswahili, bali pia mapokezano ya silabi isiyo na mkazo na yenye mkazo, kwa kawaida silabi 10 kwa mstari. Mapigo hayo ya kudumu ni kama ngoma inayosikika nyumba ya pili: picha inaweza kuhama lakini pigo halihami. Juu ya hayo umewekwa mpishano wa jinsia, kwa kuwa Romeo wa mazoezini ni mwanamke mwenye masharubu ya bandia na Juliet wake ni mvulana aliyevaa gauni, ilhali chumbani maumbile yamerudi mahali pake; maneno ni yale yale, wasemaji wamegeuka, na mtazamaji anaona kwamba hisia haikuwa kwenye nguo. Anayeitazama filamu kwa ajili ya mapenzi pekee huenda akauchukulia mfululizo huu kuwa mapambo ya kupitisha muda, na hapo atakuwa amepitwa na kiini chenyewe.

Wataalamu wa fasihi wana pingamizi lao, nalo ni zito zaidi kuliko la tumbaku. Kisa cha Romeo na Juliet hakikuzaliwa kitandani mwa mtu yeyote. Shakespeare alikichukua kutoka utenzi wa Arthur Brooke uliochapishwa mwaka 1562, ambao nao ulitokana na masimulizi ya Italia, na Viola de Lesseps hakuwahi kuwapo. Wanasema filamu inaeneza fikra ya kwamba mwandishi hawezi kuandika ila alichokiishi, fikra inayodhalilisha usomaji na ufundi. Pingamizi hilo lingekuwa kamili kama filamu ingeonyesha mapenzi tu. Lakini filamu ile ile inamwonyesha mtunzi mwenzake, Christopher Marlowe, akimpa Shakespeare mifupa ya hadithi wakiwa kilabuni, mwigizaji Ned Alleyn akipendekeza jina la tamthilia, na mhubiri wa barabarani akitoa laana dhidi ya kumbi za michezo, laana ambayo baadaye inatua katika kinywa cha Mercutio, rafiki wa Romeo. Mwandishi anayeonyeshwa hapo ni mwokotaji, mtu anayekusanya vipande popote vilipodondoka na kuvishona, na mapenzi ni kipande kimojawapo, japo ndicho kikubwa. Madai mawili juu ya uandishi yamo ndani ya filamu moja, na filamu haiyapatanishi. Mtazamaji mmoja hutoka na dai la kwanza, mwingine na la pili, kila mmoja akiamini kwamba ameona filamu nzima.

Kuhusu maadili ya mapenzi yenyewe inatosha kusema kwamba Shakespeare ni mume wa mtu, kwa kuwa alimwoa Anne Hathaway mwaka 1582, na kwamba mswada unalilipia jambo hilo kwa njia rahisi kupita kiasi, yaani kumfanya Wessex achukize ili hatia ya wapenzi isipimwe. Colin Firth, anayemcheza Wessex, anaigiza alichopewa, ila alichopewa ni chembamba. Malkia ni kinyume chake: Judi Dench anaonekana kwa dakika chache tu, akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi, na wapo wanaouona ushindi huo kuwa zawadi ya heshima tu. Hata hivyo, dakika hizo zimepangwa kwa hesabu kali. Malkia ndiye aliyesimamia dau la pauni 50 juu ya swali kama tamthilia inaweza kuonyesha ukweli wa mapenzi, kwa hiyo anapojitokeza mwishoni kuamua hatima ya wote hadondoki kutoka mbinguni; na anaposema kwamba anajua hali ya mwanamke katika kazi ya mwanamume, anasema kwa haki ambayo hakuna mhusika mwingine aliye nayo.

Tuzo nazo zina ufundi wake. Kwa kanuni ya wakati huo filamu bora ilichaguliwa kutoka filamu 5, kila mpigakura akitaja moja, na iliyopata kura nyingi kuliko nyingine ilishinda hata bila kufikia nusu. Upigaji kura wa kupanga filamu kwa daraja, ambao huipendelea ile inayokubaliwa na wengi hata kama si chaguo lao la kwanza, ulirejeshwa mwaka 2009. Kanuni ya kwanza huineemesha kazi inayopendwa sana na upande mmoja. Idadi za kura hazitangazwi, lakini matokeo yalionekana kama ya nyumba iliyogawanyika, kwani Saving Private Ryan, filamu ya vita vya pili vya dunia, ilichukua tuzo 5, ikiwemo ya mwongozaji bora kwa Steven Spielberg, ikakosa ile kubwa. Kampuni ya Miramax ilikuwa imeendesha kampeni kali ya kuwashawishi wapigakura, na mkuu wake wa wakati huo, Harvey Weinstein, aliyekuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu hii, alitiwa hatiani kwa ubakaji mjini Los Angeles mwaka 2022. Watazamaji wengi wa sasa wanaona vigumu kuitenga filamu na mtu huyo, na uzito huo ni wa haki; lakini hauwezi kugeuzwa kuwa hoja juu ya maleba aliyobuni Sandy Powell au mpangilio wa matukio, kazi za watu wengine zilizosimama kwa ubora wake.

Sehemu ya mwisho inayowatenganisha watazamaji ni hatima ya wapenzi. Kichekesho cha mapenzi kina kanuni ambayo Shakespeare mwenyewe aliitumia sana, ya kwamba vikwazo huondoka na pazia hufungwa kwa ndoa. Hapa, Viola anamchezea Juliet mbele ya watu kwa mara moja tu, Shakespeare akiwa Romeo, na wakati huo mizaha inanyamaza, kamera inaziendea nyuso za wasikilizaji, na hata mhubiri aliyezilaani kumbi anapiga makofi. Kisha malkia anamrudisha Viola kwa mume ambaye amekwisha kufungishwa naye ndoa. Waliokuja kwa ajili ya kichekesho wanahisi wamenyang'anywa. Lakini mswada ulikuwa umeufunga mlango huo tangu tamthilia ya ndani ilipogeuka tanzia, kwa kuwa filamu iliyojengwa juu ya kuigana kwa chumba na jukwaa haikuweza kuwaua wapenzi jukwaani na kuwaoza nje yake. Kilichobaki kilikuwa kuwatenganisha na kumpa mwandishi kalamu. Shakespeare anaanza tamthilia mpya yenye mwanamke aitwaye Viola aliyenusurika katika ajali ya meli, na picha ya mwisho, iliyopigwa kwenye ufuko wa Holkham mkoani Norfolk, inamwonyesha Viola akitembea peke yake juu ya mchanga mpana, akiwa mdogo sana ndani ya fremu, na kamera haimfuati.