Karama Alishinda au Alihurumiwa?

Wanafunzi wenzangu na walimu wetu, naanza kwa kukiri kosa. Nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha tatu, darasa la wanafunzi zaidi ya sitini, nikafundisha Kusadikika ya Shaaban Robert (1951). Nilikuwa na madesa yangu mazuri kabisa, niliyorithi kwa kaka mmoja aliyetutangulia chuoni: fani upande huu, maudhui upande ule, dhamira zimepangwa kwa namba kama bei za dukani. Wiki ya tatu nikatoa jaribio: "Eleza jinsi Karama alivyoshinda kesi yake."

Binti mmoja aliandika mistari minne tu. Alisema Karama hakushinda bali alihurumiwa, kwa sababu mwenye kuamua alikuwa mfalme, na mfalme yule yule angeweza kuamua vingine. Madesa yangu hayakuwa na jibu hilo. Nikampa sifuri kwa wino mwekundu. Alipokuja kuchukua daftari lake akaniuliza kwa adabu zote, "Samahani mwalimu, kwani mfalme angekataa, hoja za Karama zingekuwa za uongo?" Nikamjibu, "Wewe andika kama nilivyokufundisha."

Hebu sasa tukitazame kitabu chenyewe. Jina la nchi ile limetokana na kusadiki. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, tena si kwa wizi wala kwa kushika panga. Kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria, yaani wajue kulipima jambo na kulitetea. Anapewa siku sita za kujitetea, naye anazitumia kusimulia habari za wajumbe sita, akina Buruhani, Fadhili na Amini, waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao faida. Walirudi na maarifa waliyoyapata kwa taabu, wakalipwa adhabu. Ndiyo desturi ya nchi ya kusadiki: anayeleta jambo jipya huogopwa kabla halijapimwa.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama fumbo juu ya utawala wa kikoloni, na wana haki. Mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali hiyo hiyo. Asingeweza kusema waziwazi. Lakini tukiishia hapo tunamwachia Mwingereza Kusadikika yote, kana kwamba alipoondoka aliibeba akaenda nayo. Mimi niliiona darasani, na Majivuno wake nilikuwa mimi, nimeshika chaki.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo madesa hayalisemi. Karibu riwaya nzima tuko barazani. Tunamsikia Karama akiitetea elimu yake, tunamsikia Majivuno akiipinga, mwisho tunamsikia mfalme akiamua. Wale ambao elimu hiyo ingewafaa hatuwasikii wakiuliza wala wakibishana na mwalimu wao. Kwa maoni yangu hiyo ni kasoro ya kitabu kikubwa, maana kinatuonyesha mtu mmoja anayefikiri na umma unaomngoja amalize. Swali la yule binti liligonga hapo hapo. Aliona kwamba haki inayotegemea moyo wa mtu mmoja haijawa haki bado. Nani alimfundisha? Si mimi.

Najua nitakavyojibiwa. Eti mtihani unataka hoja zilizopangwa, vipindi havitoshi, na darasa la watoto sitini ukiliruhusu libishane litageuka soko. Tena wapo watakaonikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikatai. Ila wakuu hao hao ndio waliotuambia kuuliza si ujinga, na mtoto aliyerithishwa methali moja akanyimwa ya pili amedhulumiwa nusu ya urithi. Hata Mwalimu Nyerere, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imjenge mtoto awe na akili ya kudadisi. Tumeikariri Elimu ya Kujitegemea, tukaifanyia mtihani, tukapasi.

Wala sisemi kila analotamka mtoto lipewe vema. Kufikiri si kubwabwaja. Karama mwenyewe hakusimama barazani akasema "mimi naona hivi" akaketi. Alileta ushahidi siku baada ya siku. Mwanafunzi naye afungue kitabu aonyeshe ukurasa. Binti yule alifanya hivyo kwa mistari minne, kuwazidi wengine waliojaza kurasa mbili kwa maneno yangu.

Basi kabla mazoezi hayajaisha nilirudi darasani nikasema nilikosea, kisha nikaandika ubaoni: "Je, Karama alishinda? Thibitisha kwa kutumia kitabu." Maksi zile zile, dakika zile zile. Mwanzoni walinyamaza, wakitazama uso wangu kutafuta jibu. Halafu kijana mmoja wa nyuma akasimama kumpinga yule binti. Alisema zisingekuwapo zile siku sita za ushahidi, mfalme asingekuwa na cha kumtikisa. Kwa hiyo huruma yenyewe ilizaliwa na hoja. Binti akamrudia: na wale wajumbe sita je, wao hawakuwa na hoja? Kengele ikalia wakiwa bado wanavutana, na mwalimu wa kipindi kilichofuata alinikuta mlangoni nimesahau kutoka.

Mimi naegemea upande wa binti, ingawa hoja ya kijana bado inanisumbua. Wenzangu mtakaokwenda mazoezini mwaka huu, nawasihi madesa yangu msiyaazime. Na kama mnaona nimemwonea Shaaban Robert kwa kasoro niliyomtajia, nipingeni katika toleo lijalo, ila njooni na kurasa.