Vivuli vya Wapagazi

Mchezo tunaotaka kuupima leo ulichezwa mbali na Bukavu, lakini habari yake ni ya kwetu. Mtungaji ni William Kentridge wa Johannesburg, mchoraji wa makaa. Mchezo unaitwa *The Head & the Load*, nao ulionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 2018. Jina latoka katika methali ya Ghana: kichwa na mzigo ni taabu za shingo.

Shingo hizo ni za wapagazi wa vita vya 1914-1918. Twajua ya kuwa mwaka 1916 askari wa Force Publique walivuka Ruzizi kuwapiga Wadachi, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Njia za magari zilikosa, punda walikufa kwa mbung'o. Basi risasi na chakula vilikwenda juu ya vichwa. Kwa upande wa Wabelgiji peke yake wanahistoria wanahesabu wapagazi 260,000 hivi. Wengi walikufa, na zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa bunduki.

Kentridge anafanya namna gani? Hasimulii maisha ya mtu mmoja. Wachezaji wanapita kwa mstari mbele ya pazia refu sana, wakibeba vichwani picha zilizokatwa, na taa inatupa vivuli vyao nyuma, vikubwa kuliko wao wenyewe. Jicho laona mzigo kwanza, mtu baadaye. Ndivyo mkuu wa vita alivyoona naye.

Tena lugha zinachanganyika, maneno yanavunjika hata kuwa sauti tupu. Wengine watasema ni fujo. Mimi naona ni haki, kwani mpagazi aliamriwa kwa lugha asizozijua. Walakini kelele ikizidi, sikio lachoka, na kilio cha mtu mmoja hakisikiki tena.

Shida yangu kubwa ni kwamba kivuli hakina jina. Msanii hakubuni majina, na alifanya vema. Kumbukumbu ya uongo ingekuwa dharau ya pili. Lakini sisi Wakristu tarehe 2 Novemba tunawaombea marehemu, na mara nyingi tunawataja kwa majina. Tarehe 11, Ulaya inawakumbuka askari wake, majina yamechongwa katika mawe. Mpagazi tumtaje siku gani, na kwa jina lipi? Dar es Salaam na Nairobi, jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo na Kariokor: ni masoko, watu wananunua nyanya.