Anayenasa sauti si mwenye wimbo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu methali hii kama wosia wa kuweka kumbukumbu. Siku hizi naona ina upande wa pili ambao sikuwafundisha: mali yenye daftari nayo hupotea, iwapo daftari lenyewe liko mikononi mwa mtu mwingine.

Kilichonirudisha kwenye methali hiyo ni kanda zangu mwenyewe. Mapema miaka ya 1990 nilizuru vijiji vya karibu na Garsen, Tana River, nikikusanya bembelezi za Wapokomo, yaani nyimbo za kumtuliza mtoto alale. Nilikirimiwa wali na samaki, nikaimbiwa hadi jioni. Mama mmoja mzee alipomaliza kuimba alikitazama kinasasauti changu, akaniuliza, "Sasa mwanangu, sauti yangu ukienda nayo, itarudi lini?" Nilicheka. Nikamwambia, "Itarudi tu, mama." Nilirudi chuoni, nikaandika makala, makala yakanisaidia kupanda cheo. Sauti haikurudi.

Juzi mradi mmoja wa akili unde umeniandikia ukiomba kanda hizo zitumiwe kuifunza mitambo Kipokomo. Barua yao ina adabu zote. Lakini imeniita "mmiliki wa data". Mimi? Mmiliki?

Kabla ya kuwajibu, nimekumbuka kisa ambacho Wakenya tulikichukulia kama kichekesho. Mapema mwaka 2018, video ya Wakenya wa kituo cha 2nacheki kwenye YouTube ilipata dai la hakimiliki kwa sababu ilikuwa na wimbo wa taifa la Kenya. Dai lilitolewa kwa niaba ya De Wolfe, kampuni ya muziki ya Uingereza. Watu walighadhabika mitandaoni, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ikajitokeza kulipinga. Makelele yakatulia, tukaendelea na shughuli zetu.

Wachache walikumbuka kuuliza lahani ya wimbo huo ilitoka wapi. Ilitoka Tana River. Ni bembelezi ya Wapokomo. Kuelekea uhuru mwaka 1963, jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, liliichukua lahani hiyo na kuivisha maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza. Mzee Meza Galana ndiye anayetajwa kwamba aliwapa wimbo huo. Basi wimbo uliotoka kwa mama mwenye mtoto mgongoni umekuwa wimbo wa taifa, na miaka 55 baadaye mtambo ukauhesabu kuwa bidhaa ya kampuni ya ng'ambo.

Mtambo haukuwa na kichaa. Mfumo wa YouTube hulinganisha sauti iliyomo katika kila video na hazina ya sauti zilizowasilishwa na wanaodai haki. Sauti zikifanana, dai hutoka lenyewe. Hauulizi nani alitunga, nani aliimbiwa akiwa mchanga. Unauliza nani ameandikisha. Hata sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaelekea huko: mwenye rekodi ya sauti ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi. Mwimbaji ana haki zake katika sheria hiyohiyo, lakini mwimbaji wa bembelezi kule Garsen atazidai vipi ikiwa hajui kanda iko wapi? Kwa kipimo hicho, walioniita mmiliki hawakukosea sana. Kosa liko kwenye kipimo.

Wala jambo hili halikuanza na intaneti. Ngao, si mbali na Garsen, wamishonari wa Kijerumani wa Neukirchen walianza kazi mwaka 1887. Mmoja wao, Ferdinand Würtz, alichapisha maelezo ya sarufi ya Kipokomo mwaka 1889 katika jarida la Kijerumani la lugha za Kiafrika. Simlaumu kwa kuandika. Sisi tunaochunguza undugu wa Kiswahili na Kipokomo, ambazo ni lugha za tumbo moja la Kisabaki, tunanufaika na daftari lake hadi leo. Ila tukumbuke nani angeweza kulisoma, na lilihifadhiwa wapi. Mimi nami, karne moja baadaye, nilifanya yaleyale kwa kinasasauti.

Je, hatuna sheria? Tunazo, tena nzuri. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 tukapata Sheria ya Kulinda Maarifa ya Kijadi na Semi za Kitamaduni, inayodai ridhaa ya jamii kwanza na kuzipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista. Mwaka 2019 ikaja Sheria ya Kulinda Data. Hii ya mwisho humlinda mtu mmoja mmoja: jina lake, alama za vidole vyake, hata sauti yake. Lakini lugha si ya mtu mmoja. Sheria ya 2016 nayo inaiona jamii, ila kuna suala la rejista. Wasomaji wangu wa Tana River, waulizeni wawakilishi wenu kwenye bunge la kaunti: katika rejista hiyo, bembelezi zetu zimeandikwa?

Kwa maoni yangu, hata neno tunalolitumia linatuponza. Hakimiliki hutaka mmiliki, na bembelezi haina mmiliki. Ina walezi. Kila mama aliyeiimba aliipokea kwa mwingine na akaipitisha. Wamaori wa New Zealand wamelishika wazo hili vizuri. Mwaka 2018 kituo chao cha redio, Te Hiku Media, kilikusanya zaidi ya saa 300 za sauti kwa siku 10, kikatengeneza mtambo unaoelewa lugha yao, na kikakataa kuziuza sauti hizo kwa makampuni. Leseni yao imejengwa juu ya neno kaitiakitanga, ambalo ningelitafsiri kama ulezi. Anayetaka kuzitumia huomba, na walezi wana ruhusa ya kusema hapana.

Wenzangu watasema tukibana sana, Kipokomo kitaachwa nje ya mitambo, na lugha isiyo kwenye simu vijana wataikimbia. Hoja hii ina uzito. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za Kiswahili na kuziachia bure kwa umma, na watafiti wetu wanazitumia. Lakini Kiswahili kina mamilioni ya wasemaji, na kila aliyechangia huko alijua anachangia. Mama yule wa Garsen aliimbia mgeni wake. Hakuuimbia mtambo. Ridhaa aliyonipa haikuwa ya kazi hii, nami sina haki ya kuinyoosha ifike huko.

Kwa hiyo nimewajibu watu wa mradi kwamba mimi si mmiliki, na kwamba siwezi kutoa nisichopewa. Kanda nimezitia kwenye kompyuta, na nakala zake nitazipeleka Garsen likizo hii. Yule mama huenda hayupo tena. Watoto na wajukuu wake wapo. Wakisema data ziende kwenye mitambo, tutajadiliana masharti. Wakisema hapana, basi ni hapana. Nilimwahidi itarudi. Nimechelewa kwa zaidi ya miaka 30.