Matundu 22

Kijana akishachonga silinda ya pikipiki yake na kufunga pistoni ya ovasaizi, hamu inayofuata ni ekzosi isikike. Kwenye gereji za Buguruni, Dar es Salaam, ombi ni lilelile: toa vya ndani vyote, acha bomba tupu. Fundi wa bora liende hutoa, hupokea hela, na mtaa mzima hujua nani kapita. Fundi ninayemsifu hapa haanzi na drili. Huuliza kwanza: umeongeza pistoni kiasi gani? Kemshafti ni ileile? Unapakia abiria au magunia ya sokoni?

Ana sababu ya kuuliza. Silinda ya milimita 56 ikichongwa hadi 57, ujazo wa injini hauongezeki hata kwa asilimia 4. Nyongeza hiyo haidai bomba wazi. Kinyume chake, ukiling'oa bomba la ndani bila kugusa kabureta, mara nyingi injini hupata hewa nyingi kuliko mafuta, hupata moto kupita kiasi, na hupiga baruti kila ukiachia mafuta. Nguvu ya mwendo mdogo nayo huweza kupungua, na hiyo ndiyo nguvu anayoitegemea bodaboda kwenye foleni ya Barabara ya Mandela, abiria wawili mgongoni.

Basi fundi huyu huchagua matundu kwa kipimo. Njia ya moshi ikiwa na kipenyo cha milimita 28, matundu 22 ya milimita 6 kwenye bomba la ndani hutoa nafasi inayolingana nayo. Huyatoboa kwa kupishana, asije akalidhoofisha bomba kwenye mstari mmoja, akasugua kingo zake kwa tupa. Kisha hulivingirishia sufi ya kioo, inayomeza ukali wa sauti, na kulikaza kwa skrubu. Halichomelei, kwa sababu anajua huenda likatoka tena. Baada ya mzunguko wa majaribio wa Tabata hufungua plagi: ikiwa nyeupe, jeti ya kabureta ni ndogo, ikiwa nyeusi kwa masizi, mafuta yamezidi, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hewa na mafuta vimeelewana.

Ugumu wa kazi hii, hata hivyo, ni watu. Kijana anataka kutambulika kijiweni, na si haki kumcheka. Lakini ng'ambo ya ukuta wa matofali kuna mzazi anayembembeleza mtoto, na tangu 2015 nchi ina kanuni za mazingira zinazoweka kikomo cha kelele. Fundi hodari humpa mteja mlio mzito, wa chini, usiopasua masikio, naye akaondoka akijiona kapata alichokitaka.

Ndiyo maana nasema ukitafuta fundi wa ekzosi, usimpime kwa wingi wa mashine zake. Mpe pikipiki, nyamaza, uhesabu maswali. Asiyekuuliza hata moja atakutobolea tu.